HTLV-1: ARV hazifui dafu, na prednisolone inaweza kuua

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma uuguzi Dodoma. Nimesoma kuwa jamii za Waaborijini katikati ya Australia zina kirusi cha HTLV-1, ndugu wa VVU. Kinamalizaje kinga yao, na kwa nini wasipewe ARV yakaisha?

Jibu: Marahaba. Hata wenye shahada huniuliza hivyo: ikitajwa retrovirusi tu, yaani kundi la virusi hivi viwili, akili inakimbilia UKIMWI.

VVU huua seli za CD4, zile seli nyeupe za kinga. HTLV-1 huzifanya zizaane. Kikishajipachika kwenye vinasaba vya seli, protini zake, hasa Tax na HBZ, huisukuma seli igawanyike, na kila ikigawanyika nakala ya kirusi imo ndani. ARV huzuia kirusi kisijinakili ili kuingia seli mpya. Hiki cha HTLV-1 hakihitaji safari hiyo, kinaongezeka pamoja na seli yenyewe. Ukipima CD4 utaikuta sawa, pengine juu, uandike "mzima". Mwenye virusi vyote viwili ndiye anayenitia hofu: hesabu inapendeza, kinga haipo.

Wengi hawaugui maisha yao yote. Japani na Karibiani kirusi hiki kinajulikana kwa kuharibu uti wa mgongo hadi miguu ikapooza, na kwa saratani ya damu inayowapata kama watu 5 kati ya 100, miongo kadhaa baada ya kuambukizwa. Chini ya hadubini kiini cha seli ya saratani hiyo kimechanika kama petali za ua. Lakini kandokando ya Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, ambako katika baadhi ya jamii zaidi ya 40% ya watu wazima waliopimwa wamekutwa nacho, kinachoonekana zaidi wodini ni mapafu. Mirija ya hewa imetanuka na kujaa makovu, makohozi mazito ya usaha kila asubuhi, maambukizi juu ya maambukizi. Walio na seli nyingi zenye kirusi ndio wenye mapafu mabaya zaidi. Nyumba zilizosongamana na nimonia za utotoni nazo zimo, msikitupie kirusi kila kitu.

Kinaenezwa kwa kunyonyesha, ngono na damu. Chanjo hakuna, tiba ya kukiondoa hakuna. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya "kusafisha damu" mwambie kirusi kiko ndani ya vinasaba vya seli, akakitafute huko.

Kinachoniudhi zaidi ni prednisolone ya dukani, dawa ya steroidi inayopunguza kinga. HTLV-1 hudhoofisha ulinzi dhidi ya mnyoo wa Strongyloides, ambao hujiambukiza upya ndani ya mtu yuleyule kwa miaka. Mtu anakohoa, anaambiwa ni pumu, anapewa steroidi bila kuulizwa lolote. Minyoo inatapakaa mwili mzima, inaburuta bakteria wa utumbo hadi kwenye damu, na mgonjwa anakufa tukiwa bado tunabishana kuhusu pumu. Mnyoo huo uko Tanzania pia, tena kwa wasio na HTLV-1. Pima mnyoo huo kwanza, ndipo utoe steroidi. Dawa yake ni ivermectin; kile kidonge kimoja cha albendazole kinachogawiwa shuleni hakiumalizi.