Mume Wangu Alitaka Gari la Zamani: Tulivyolichagua Pamoja

Mume wangu alipoamua kununua gari, karibu kila aliyemwomba ushauri alimtajia Toyota IST. Ushauri huo una msingi wake, kwa kuwa IST linakula mafuta kidogo, spea zake zinapatikana mikoa yote, na mwenye nalo akitaka kuliuza hahangaiki kutafuta mteja. Yeye, hata hivyo, alikuwa na hamu ya muda mrefu ya kumiliki gari la miaka ya tisini, lenye umbo ambalo viwanda havilitoi tena, na fedha aliyokuwa nayo ilikuwa akiba ya mwalimu wa sekondari. Mimi nauza spea Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na nimewaona wanandoa wengi wakifika kaunta wakiwa wamenuniana kwa sababu ya gari ambalo mmoja alilipenda na mwingine hakuwahi kulikubali. Kwa hiyo nililichukua suala hili kwa uzito wake, na ninaandika kwa ajili ya yeyote ambaye mwenzi wake anatamani gari la zamani na anataka kumsaidia bila kumpokonya furaha yake.

Jambo la kwanza tuliloafikiana, tukiwa bado nyumbani, ni mgawanyo wa madaraka. Aina ya gari, rangi na umbo vingebaki kuwa uamuzi wake, kwa sababu yeye ndiye atakayeliendesha. Hali ya gari lile mahususi lililo mbele yetu ingekuwa juu yangu, na nikisema gari hili hapana, basi ni hapana, tunatafuta jingine la aina ileile. Mgawanyo huu ulituokoa na mabishano mengi, kwa kuwa kila nilipokataa gari alijua kwamba sikatai chaguo lake. Tulikubaliana pia kwamba hakuna atakayelisifu gari mbele ya dalali wala kumpinga mwenzake pale pale. Neno gumu lingesubiri hadi tuwe wenyewe.

Kuhusu kuagiza kutoka Japani, hatukuchukua muda mrefu kuamua. Tanzania haizuii magari ya zamani kama ilivyo Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingizwi, lakini huku kwetu umri unatozwa. Juu ya ushuru wa forodha wa 25% na VAT ya 18%, gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa 15%, na lililozidi miaka 10 huongezewa 30%. Kwa mtu anayetaka gari la miaka ya tisini, njia nafuu ni kununua lililokwisha kuingia nchini, ambalo kodi hizo zote zililipwa zamani na mtu mwingine.

Sasa nifikie jambo ambalo naliona kila siku nikiwa kaunta, na ambalo ningependa lizingatiwe kuliko yote. Gari la zamani huwa la gharama kubwa pale linapokuwa adimu kwa ndani. Kama uadimu wake uko kwenye bodi tu, huku injini yake ikiwa ni ileile iliyomo kwenye magari yanayobeba abiria na mizigo kila siku, unaweza kuishi nalo kwa mshahara wa kawaida. Mume wangu alikuwa na majina matatu kichwani: Toyota Altezza, Suzuki Jimny, na Toyota RAV4 ya kwanza kabisa, ile ya milango mitatu iliyotoka mwaka 1994. Niliyapitia yote matatu kwa kipimo hicho.

Altezza ni mfano mzuri wa namna magari mawili yanayofanana sura yanavyoweza kutofautiana gharama. Lile lenye namba ya modeli GXE10 lina injini ya 1G-FE yenye silinda sita, ambayo ni ndugu wa injini ya Toyota Mark II GX110, na spea zake naziuza bila kwenda kuzitafuta. Lile lenye namba SXE10 lina 3S-GE, injini yenye nguvu na raha nyingi, ila mwenye nalo mara kwa mara huja kwangu na kifaa kilichoharibika mkononi kama sampuli, akazunguka maduka yote na kurudi nacho hivyo hivyo. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibao kidogo cha bati ndani ya boneti, na muuzaji asiyetaka ukisome ana sababu yake. Jimny nalo linavutia na ni gumu kweli kweli, lakini yale tuliyoyakuta ndani ya bajeti yalikuwa ya cc 660 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili ipate nguvu), na safari ndefu za barabara kuu huilazimisha injini ndogo namna ile kuzunguka kwa kasi muda wote.

RAV4 ya milango mitatu ndiyo iliyopita vizuri zaidi. Injini yake ni 3S-FE ya cc 1,998, na injini hiyo imo pia kwenye Noah za zamani, Ipsum za kwanza na baadhi ya Caldina. Mtu anayeuza spea anajua maana yake: gasketi ya kichwa, ringi pistoni, beliti ya taimingi na filta ya oili hazitakosekana Arusha, Mwanza wala Mbeya. Si kila kitu kinaingiliana, kwani kwenye Noah injini imelazwa chini ya viti vya mbele kwa kufuata urefu wa gari, ilhali kwenye RAV4 imekaa kwa upana, hivyo maunti zake, yaani vishikizo vya injini, hazifanani. Vya bodi, kama taa za nyuma na vioo vya pembeni, huhitaji subira na kuulizia kwa wauza spea za mtumba.

Matumizi yake nayo yaliunga mkono chaguo hilo. Mama mkwe wangu anaishi kwenye vijiji vilivyo juu ya Lushoto, ambako wakati wa masika barabara ya udongo huteleza hata kwa mtembea kwa miguu. Kabla ya kufika huko kuna kipande cha takribani kilomita 33 kutoka Mombo, chenye kona zisizoisha na mlima unaopima rejeta wakati wa kupanda na breki wakati wa kushuka. Gari lenye umbo fupi linalovuta kwa magurudumu yote manne lina kazi ya kweli katika safari hiyo. Tahadhari moja: ziko pia RAV4 za umbo hilo zinazovuta kwa mbele tu, kwa hiyo usiamini maneno wala stika ya ubavuni, inama utazame kama kuna propela shafti (mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma) na difu ya nyuma (gia zinazoigawa nguvu hiyo kwa magurudumu).

Katika ukaguzi nilishikilia sharti moja, nalo ni kuikuta injini ikiwa baridi. Tulikuwa tukimwambia muuzaji tutafika asubuhi na asiwashe gari hadi tufike, kisha kabla ya salamu hazijaisha naweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, natoa ahadi ya kurudi siku nyingine, maana injini iliyochakaa huficha kelele na moshi wake ikishapata joto. Ikiwa baridi, nafungua kifuniko cha rejeta na kutazama maji. Yakiwa na rangi ya kutu, gari limekuwa likijazwa maji ya bomba badala ya kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini), na njia za maji ndani ya injini zimeanza kuliwa. Kisha kijiti cha oili, na upande wa ndani wa kifuniko cha kujazia oili: ukiona utando wenye rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekwisha kukutana, na hapo mazungumzo yanaishia.

Wauzaji hupenda kusema kwamba injini haijafunguliwa. Angalia ukingo wa kifuniko cha valvu na maungio ya kichwa cha injini. Gundi ya gasketi iliyofurika pembeni inakwambia kwamba imefunguliwa, na pia inakwambia fundi aliyeifunga alikuwa wa namna gani. Kufunguliwa kwenyewe si kosa. Kinachonitia shaka ni kufichwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi hawaijui, na kwa gari la kupanda Lushoto ni ya hatari. Hapa kwetu gari likichemsha, baadhi ya mafundi hutoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kuitupa, kisha humwambia mteja kwamba nchi za joto haziihitaji. Injini huanza kufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, na sababu ya awali ya kuchemsha hubaki pale pale. Njia ya kuligundua ni kuendesha gari kwa nusu saa nzima, kwenye foleni na pia kwenye barabara iliyo wazi, huku ukitazama mshale wa joto. Mshale unapaswa kupanda hadi karibu na katikati na kutulia hapo. RAV4 moja tuliyoijaribu ilikuwa nzuri kwa macho, rangi ya kijani iliyokolea, viti bila mchubuko, na mume wangu alikuwa amekwisha kuipenda. Lakini tulipotoka kwenye foleni mshale wake ulishuka hadi chini kabisa na kukaa huko. Nilimwonyesha kwa kidole bila kusema neno, akaelewa. Hatukuichukua.

Lililobaki hufanyika kwenye shimo la gereji, ukiwa na tochi na fundi unayemlipa mwenyewe, asiyefahamiana na dalali. Magari yaliyolala miaka mingi karibu na bahari hushika kutu kwenye maungio ya chini na chini ya kapeti, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Tazama pia tairi. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote muda wote, tairi nne zinatakiwa ziwe na kipimo kimoja na zimelika kwa kiasi kinachokaribiana, la sivyo difu ya kati hufanya kazi isiyo yake kila kilomita unayokwenda. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee. Uchakavu wa pedali na usukani husema zaidi.

Usipotoshwe vilevile na namba ya usajili. Bei za mkononi huongozwa sana na namba, ikiwa ni A, B, C, D au E, lakini herufi hizo huonyesha gari liliingia lini kwenye daftari la Tanzania, wala hazisemi limetunzwaje. Sisi tulitafuta kwa makusudi namba za zamani, kwa sababu hapo ndipo bei inapokubali kushuka bila hali kuwa mbaya.

Kwenye makaratasi usilegeze kamba. Kadi iwe halisi, namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye bati la gari, na jina lilingane na kitambulisho cha anayepokea fedha. Magari mengi ya umri huu yamepita mikono kadhaa huku kadi ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza, na kumpata huyo baadaye kwa ajili ya kuhamisha umiliki TRA ni usumbufu mkubwa. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari kabla ya kulipa, na mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili.

Mwisho ni fedha ya baada ya kununua. Tulitenga takribani moja ya tano ya bajeti tangu siku ya kwanza, na kiasi hicho hakikuguswa wakati wa kupatana bei, hata pale gari zuri zaidi lilipokuwa juu kidogo ya uwezo wetu. Baada ya kupata RAV4 tuliyoitaka, tulibadilisha kwanza beliti ya taimingi pamoja na pampu ya maji, kwa sababu muuzaji hakuwa na ushahidi wa lini ilibadilishwa, kisha oili ya injini, ya gia boksi na ya difu zote, filta, mipira ya maji na pedi za breki. Redio na rimu vilisubiri. Kuhusu rimu, nilimshauri abaki na saizi ya kiwandani, kwa kuwa tairi pana kupita kiasi hugusa bodi usukani ukikatwa hadi mwisho na huchosha beringi za magurudumu, na hilo ndilo pekee ambalo bado tunalijadili.