Barua kwa mwanangu: Je, "Nature Boy" ni wimbo wa wizi?

Mwanangu Rehema,

Sisi sote hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kuhusu "Nature Boy", wimbo wa Nat King Cole ambao kwaya yenu inajifunza, kwa kuwa mwenzako mmoja amedai kwamba uliibwa, nawe hujui jina la nani liandikwe kwenye kijitabu cha tamasha. Maneno yake ni ya eden ahbez, na hilo halina ubishi. Mgogoro uko kwenye mahadhi.

Ahbez alizaliwa Brooklyn mwaka 1908 kwa jina la George Alexander Aberle. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa Los Angeles, amefuga nywele na ndevu, anakula matunda na mboga mbichi, analala nje, na jina lake analiandika kwa herufi ndogo kwa madai kwamba herufi kubwa ni za Mungu. Mwaka 1947 alifika Lincoln Theater, ambako Cole alikuwa akitumbuiza, akamwachia meneja wake, Mort Ruby, karatasi za wimbo huo. Cole aliupenda, akaurekodi tarehe 22 Agosti mwaka uleule katika kampuni ya Capitol. Ilipobidi mtunzi atafutwe ili atoe idhini, inasimuliwa kwamba alikutwa amepiga kambi chini ya herufi L ya kwanza ya lile bango kubwa la Hollywood. Mimi masimulizi matamu kiasi hicho huyapokea kwa tahadhari, lakini kila anayeandika habari zake hulirudia hili.

Sasa zingatia tarehe, kwa maana watu wengi huzipita. Santuri ilitoka mwishoni mwa Machi 1948, wakati ambapo chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kilikuwa kimewakataza wanachama wake kurekodi tangu tarehe 1 Januari. Cole alikuwa na rekodi yenye okestra kamili, iliyopangwa na Frank De Vol na kumalizika miezi kadhaa kabla ya mgomo, ilhali washindani waliotaka kuukimbilia wimbo huo hawakuweza kupata hata mpiga fidla mmoja. Ndiyo sababu Frank Sinatra na Sarah Vaughan waliurekodi wakisindikizwa na kwaya isiyo na ala. Watafute hao wawili, kwani nanyi mtaimba bila ala. Lakini namna ya kutamka igeni kwa Cole: halazimishi mapigo, anayaacha maneno yatangulie kidogo au yachelewe kama mtu anayesimulia, na kwa kuwa wimbo hauna kiitikio wala haufiki dakika tatu, uzito wote unaangukia sentensi ya mwisho, ile inayohusu kupenda na kupendwa.

Wimbo ulikaa nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, kwa wiki nane. Cole, ambaye wengi walimjua kama mpiga piano wa jazi mwenye kundi la watu watatu, akawa mwimbaji wa kila nyumba. Na bado, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, mwaka huohuo aliponunua nyumba Hancock Park, mtaa wa Los Angeles, majirani weupe walipinga familia yake kuhamia hapo. Sauti yake waliipokea sebuleni, mwenyewe wakamkataa mtaani.

Tuje kwenye tuhuma. Herman Yablokoff, mtu wa tamthilia za Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, jijini New York, alidai kwamba mahadhi yalitoka katika wimbo wake "Shvayg mayn harts", aliouweka kwenye mchezo wake wa mwaka 1935. Kwa maelezo ya Yablokoff, ahbez alimpigia simu akiapa kwamba mahadhi hayo aliyasikia milimani California, kana kwamba malaika wanaimba. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama, na malipo yanayotajwa ni dola 25,000. Tena wapo wanaoonyesha kwamba noti za mwanzo zinafanana na sehemu ya pili ya kwinteti ya piano (muziki wa piano na ala nne za nyuzi) ya mtunzi wa Kicheki Dvořák ya mwaka 1887, hoja ambayo mimi naiona nyepesi, kwa sababu noti chache za kuanzia zinaweza kuwajia watunzi wawili wasiojuana. Kwa Yablokoff ni tofauti: mfanano wake unakwenda mbali zaidi ya hapo, na mtu asiyedaiwa hatoi fedha nyingi namna ile. Neno wizi silitumii, kwa kuwa mtu huweza kubeba wimbo kichwani miaka mingi akasahau alikoupata, ila naamini deni lilikuwapo.

Kwa hiyo kwenye kijitabu andikeni "maneno na muziki: eden ahbez", kwa herufi ndogo kama alivyotaka, kisha chini yake muongeze mstari unaosema kwamba mahadhi yalidaiwa na Herman Yablokoff na shauri likaisha kwa suluhu. Mwalimu wenu akiona mstari huo ni mrefu, mwambie apunguze ule wa kuwashukuru wafadhili.

Nikutakie mazoezi mema.

Baba yako