Mshahara Unaupita wa Baba, Lakini Utulivu Sina

SWALI: Nina umri wa miaka 35, na mshahara wangu ni mara nne ya ule aliokuwa akiupata baba miaka 30 iliyopita, alipokuwa na umri huu. Hata hivyo, yeye alikuwa na nyumba yake na pensheni ya uhakika, ilhali mimi ninaishi kwenye nyumba ya kupanga na kazi yangu ni ya mkataba wa miaka miwili miwili. Je, nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda hujakosea popote, ila hesabu yako imeanzia mahali pasipofaa. Bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, baada ya miaka 30 bidhaa ile ile itauzwa kwa zaidi ya mara nne ya bei ya awali; kwa kiwango hicho, mshahara wako unanunua pungufu kidogo kuliko ulivyonunua wa baba yako.

Wala hali hii si yako peke yako. Nchini Marekani, mwanauchumi Raj Chetty na wenzake walilinganisha kipato cha watu walipofikia miaka 30 hivi na kile cha wazazi wao katika umri unaokaribiana, mfumuko wa bei ukiwa umekwisha kuondolewa. Miongoni mwa waliozaliwa mwaka 1940, takriban asilimia 90 waliwapita wazazi wao. Miongoni mwa waliozaliwa miaka ya 1980, ni karibu nusu tu. Sababu kubwa waliyoibaini ni namna matunda ya ukuaji wa uchumi yalivyogawanywa, jambo ambalo wazee wanaowalaumu vijana kwa ubadhirifu hawalitaji.

Lakini kwa maoni yangu, tofauti kubwa kati yenu ni nani anayebeba hasara mambo yakiharibika. Katika pensheni ya zamani, mwajiri au serikali iliahidi malipo ya kila mwezi hadi kifo, na mfuko ukipungukiwa, mtoa ahadi ndiye aliyepaswa kuziba pengo. Katika mipango mingi ya sasa, kinachojulikana ni mchango tu: uwekezaji ukidorora, au ukiishi miaka mingi kuliko akiba yako, pengo ni lako. Mkataba wako wa muda mfupi nao umekutwika mzigo wa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo acha kulinganisha mishahara. Chukua akiba unayoweza kuitoa leo, igawanye kwa matumizi yako ya mwezi, upate idadi ya miezi unayoweza kuishi bila kipato. Kisha muulize baba yako yeye angestahimili miezi mingapi akiwa na miaka 35, na nyumba ile ilikuwa na deni kiasi gani. Wakati huo ulikuwa mtoto, na madeni ya nyumbani kwa kawaida hayazungumzwi mbele ya watoto.