Aliyejiua, je, hana msamaha? Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Dada uliyeleta uzi huu, pole sana. Umeandika kwamba mdogo wako amejiua, kwamba kanisani wamekataa kumfanyia ibada ya mazishi, na kwamba wanaokuja kumpa mama yenu pole wanamwambia mwanawe yuko motoni kwa kuwa hakupata nafasi ya kutubu. Unauliza kama Mungu anaweza kumsamehe, na kama mnaruhusiwa kumwombea. Nimeona walionitangulia, wengine wamekutupia aya moja na kuondoka. Mimi nitakujibu kwa urefu kwa sababu yamenikuta. Kaka yangu niliyemfuata, mwalimu wa shule ya msingi na mwimba besi wa kwaya ya usharika, alikufa hivyo hivyo, huko kwetu Upareni. Namna alivyofanya sitaisema, haimsaidii mtu yeyote.

Nianze na jambo lisilofichika: kujiua ni dhambi. Sitaki kukufariji kwa kulifuta hilo. Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale, mwanzoni mwa karne ya 5 alishaeleza kwamba amri ya "Usiue" haikumwacha nje mtu mwenyewe, na mwanateolojia Thomaso wa Akwino katika karne ya 13 akasema anayejiua anakwenda kinyume na upendo wa asili kwa nafsi yake, anaidhulumu jamii yake, na anachukua mamlaka ya Mungu aliyempa uhai. Nayakubali yote matatu. Hilo la jamii nimeliona kwa macho, maana nyumba yetu haijawahi kurudi kama ilivyokuwa.

Lakini kutoka "ni dhambi" hadi "haina msamaha" kuna safari ndefu, na watu wanaivuka kwa sentensi moja. Yesu alitaja dhambi moja tu isiyosamehewa, katika Mathayo 12, nayo ni kumkufuru Roho Mtakatifu. Hakutaja hii. Aya mliyobandikiwa na mchangiaji wa juu ni 1 Yohana 3:15, kwamba mwuaji hana uzima wa milele ndani yake. Naomba aisome kuanzia mwanzo, maana inaanza kwa kusema kila amchukiaye ndugu yake ni mwuaji. Tukiitumia aya hiyo kufunga mlango wa kaburi la mdogo wako, itatufungia wengi sana tulio hai, tena wenye viti vya mbele kanisani.

Sasa hilo la kukosa nafasi ya kutubu. Ndilo lililomtesa mama yangu kuliko yote. Lakini tulifuate mpaka mwisho. Mtu amelala na kinyongo dhidi ya jirani, moyo ukasimama usiku. Mwingine yuko kwenye basi anamsema shemeji yake, basi likapinduka. Hao nao hawakutubu. Sisi Walutheri tunafundishwa tangu kipaimara kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa kazi ya Kristo, na hatuendi kwa Mungu na daftari la dhambi ambalo kila mstari umeshafutwa. Kama ndivyo tunavyoamini siku ya Jumapili, basi tuamini hivyo hivyo Jumatano kwenye msiba wa aliyejiua.

Ndugu zetu Wakatoliki wana njia nyingine ya kulieleza, na mke wangu, aliyelelewa huko, ndiye aliyenionyesha. Kwao dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kikamilifu, na akubali kwa hiari kamili. Uzito upo, hakuna anayebisha. Hiari kamili ndipo penye swali. Katekisimu yao ya mwaka 1992, yaani kitabu rasmi cha mafundisho ya imani yao, namba 2282, inasema wazi kwamba matatizo makubwa ya akili, mfadhaiko, au hofu kubwa ya shida na mateso huweza kupunguza wajibu wa aliyejiua. Namba 2283 inaendelea kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu hao, maana Mungu kwa njia anazozijua yeye peke yake aweza kuwapa nafasi ya toba, na kwamba Kanisa linawaombea. Uliandika kwamba baba yenu ni Mkatoliki. Chukua namba hizo mbili mwende nazo kwa paroko.

Nimesema "mfadhaiko", nikupe sura yake. Kaka yangu miezi ya mwisho hakuwa analala. Alikuwa anakaa sebuleni na taa imezimwa, na asubuhi anakwenda kufundisha. Wiki chache kabla, alirudisha joho la kwaya kwa mwalimu wa kwaya, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri, akasema watafute mwingine wa besi, yeye sauti imemchoka. Wote walidhani amekwazika na mtu. Alikuwa ameshamwendea mzee mmoja wa kanisa kueleza kwamba anajiona mzigo kwa mkewe na watoto, akaambiwa afunge na kuomba, shetani anamjaribu. Akafunga. Mtu ambaye tayari hapati usingizi, akaongezewa kufunga. Nikikumbuka hapo hasira inanipanda mpaka leo, na siombi radhi kwa hasira hiyo.

Martin Luther mwenyewe, katika mazungumzo ya mezani kwake yaliyoandikwa mwaka 1532, alisema hakubaliani na wanaodai kwamba kila aliyejiua amepotea kwa hakika. Kwa maoni yake watu hao hawataki, ila wamezidiwa nguvu na ibilisi, kama mtu aliyeuawa na mnyang'anyi porini. Aliongeza tahadhari, kwamba jambo hilo lisifundishwe hovyo kwa watu, shetani asije akapata nafasi. Nilipomtajia mchungaji wetu mmoja maneno hayo, alishika hiyo tahadhari tu, akasema tukiwazika kwa heshima, vijana wataona njia iko wazi.

Hofu hiyo siidharau. Lakini nimeifikiria sana, na naona inakosea mahali pamoja: woga wa moto haukumzuia kaka yangu. Uliufunga mdomo wake. Usiku ule hakuwa anapima adhabu na thawabu, alikuwa anaamini kwa dhati kwamba watoto wake watakuwa salama zaidi bila yeye. Ugonjwa ndivyo unavyosema. Kilichoweza kumsaidia ni mtu wa kumsikiliza bila kumshitaki, na daktari. Kanisa linaloitaja hali hii kwa laana peke yake linamfanya mgonjwa aifiche hata kwa mchungaji wake. Na sheria inasaidia kuificha: kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo aliyenusurika anaogopa polisi badala ya kukimbilia hospitali. Kenya nao walikuwa na kifungu cha 226, Mahakama Kuu ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025.

Kuhusu kukataliwa ibada. Wengi wanadhani ni agizo la Biblia, na si kweli. Biblia ina watu kadhaa waliojiua, na sisi huhubiriwa Yuda tu. Mfalme Sauli aliuangukia upanga wake. Watu wa Yabesh-Gileadi wakatembea usiku kucha, wakautwaa mwili wake na miili ya wanawe kutoka ukutani Beth-shani, ambako maadui walikuwa wameitundika, wakaizika mifupa, wakafunga siku saba. Daudi aliposikia aliwabariki kwa wema huo, na yeye mwenyewe alimwombolezea Sauli kwa wimbo. Ahithofeli, aliyekuwa mshauri wa Daudi na aliyejiua baada ya shauri lake kukataliwa, alizikwa katika kaburi la baba yake. Fungua 2 Samweli 17:23. Hakuna nabii aliyesimama kukemea mazishi hayo.

Katazo lilikuja baadaye, kwa amri za makanisa. Mtaguso wa Braga, yaani mkutano wa maaskofu katika Ureno ya leo, ulizuia ibada hizo karne ya 6. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1662 kiliwaweka waliojiua pamoja na wasiobatizwa na waliotengwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ikawanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Wamisionari walituletea hayo, yakakutana na mila zetu ambazo tayari zilimwogopa marehemu wa namna hiyo, za kumzika haraka, bila matanga, na mahali pengine hata mti uliohusika ukakatwa. Vikashikana mpaka leo watu hawajui kipi ni injili na kipi ni woga wa babu zetu. Lakini Roma ilipotoa sheria mpya mwaka 1983, waliojiua hawamo tena katika orodha ya wanaonyimwa mazishi. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza, la Kianglikana, nayo ilipiga kura mwaka 2017 kuondoa katazo lake la zamani. Kwa hiyo anayekwambia "kanisa haliruhusu" mwombe akuonyeshe kifungu, kwa adabu, lakini mwombe.

Kwetu baraza la wazee lilikataa. Mchungaji hakuja, kengele haikupigwa, kwaya ikaambiwa isivae sare wala isiimbe. Walikuja wote kwa nguo za nyumbani, wakakaa kwenye migomba nyuma ya nyumba kama majirani wengine. Mwinjilisti mmoja mzee alisimama katikati ya watu, hana kanzu, akafungua Zaburi ya 130, ile ya "toka vilindini nimekulilia", akaisoma polepole hadi mwisho na kukaa. Ndipo mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanzisha wimbo pale alipoketi, na kwaya ikaingia sauti zote. Mwinjilisti aliitwa kuhojiwa baadaye. Alijibu kwamba alikuja kwa jirani yake, na Zaburi haihitaji kibali cha baraza. Mama yangu hadi leo anasema bila mzee yule asingerudi tena kanisani.

Ibada mnaweza kuiomba hata sasa. Kama mnakwenda upande wa baba, ombeni misa ya marehemu, hiyo ni haki yenu ya kawaida. Upande wa Kiprotestanti hatuna desturi ya kuwaombea wafu, lakini hakuna anayekukataza kumwambia Mungu unavyomkosa mdogo wako, wala kumkabidhi kwa rehema zake. Sisi tulifanya ibada ya kumaliza msiba nyumbani, akaja mchungaji wa usharika wa jirani. Hakusema kaka yuko mbinguni, hakusema yuko motoni. Alisoma Warumi 8, kwamba wala mauti wala uzima havitaweza kututenga na upendo wa Mungu, akasema hukumu ina mwenyewe. Mimi natumaini. Neno "najua" silitumii, na sipendi walio upande wowote wanaolitumia.

Lipo jambo moja uliloliandika katikati, kama la kupita, na limenitia wasiwasi kuliko swali lenyewe. Umesema kaka yenu mkubwa tangu msiba anasema "heri ningetangulia mimi". Usiliache hilo. Eliya aliomba afe, katika 1 Wafalme 19, na Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, na maneno yakaja mwishoni. Fanya hivyo hivyo. Hakikisha anakula, asilale peke yake nyumba nzima, na kama kuna kitu cha hatari ndani kiondolewe. Kisha mwulize waziwazi, kwa maneno haya haya: "Kaka, unafikiria kujiua?" Watu husema ukiuliza utampa wazo. Sivyo, na wahudumu wa afya ya akili ndivyo wanavyofundisha, kuuliza humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na usiishie kwenye maombi. Nendeni naye hospitali ya wilaya au ya mkoa siku hiyo hiyo, mwulize kitengo cha afya ya akili. Maombi mtafanya njiani na mkifika. Na kama wewe mwenyewe, au yeyote anayesoma hapa kimya, ndiye mwenye mawazo hayo, mwambie mtu mmoja leo kabla ya usiku.

Mama yangu amesoma jibu hili kabla sijalituma. Amesema mama yenu akitaka kuzungumza naye, yuko tayari kwa simu wakati wowote, na kama mko Kilimanjaro au Tanga anaweza kuja mwenyewe. Niandikie faragha nikupe namba.