Mlo wa sikukuu kwa bei mara tatu: twende au tubaki nyumbani?

SWALI: Shikamoo mama. Mgahawa tunaoupenda mimi na mke wangu umetangaza chakula cha jioni cha sikukuu. Bei ya kichwa kimoja ni kama mara tatu ya tunavyolipa siku ya kawaida. Tuko watano: sisi wawili, watoto wetu wa miaka 6 na 9, na mama yangu mzazi. Nusu ya pesa inatakiwa mapema na hairudishwi. Mke wangu anatamani sana twende. Mama anasema ni kuchezea pesa, tupike nyumbani kama kila mwaka. Nimebaki katikati. Je, inafaa kweli?
Baba wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kushika kalamu nilihudumia meza miaka 11, na sikukuu zote hizo nilikuwa kazini, kwa hiyo nakujibu niliyoyaona kwa macho.

Chakula chenyewe hakitakuwa kitamu mara tatu. Mara nyingi huwa pungufu ya kile mlichozoea. Siku ya kawaida mpishi hupokea oda moja moja. Usiku wa sikukuu watu wote wanakaa kwa mkupuo, basi menyu inafupishwa, vitu vinapikwa mapema na kuwekwa kwenye joto vikisubiri. Nakumbuka usiku mmoja tulipanga sahani 80 kwenye meza ndefu ya jikoni, kila moja kijiko kimoja cha mchuzi. Tulipoifikia ya mwisho, ile ya kwanza ilikuwa imeshafanya utando juu. Nikaambiwa nifute ukingo kwa kitambaa niipeleke. Nikaipeleka, na mama aliyeipokea akanishukuru kwa moyo wote. Mpaka leo inaniuma.

Bei hupanda kwa sababu wafanyakazi hulipwa zaidi kwa kuacha familia zao siku hiyo, na bidhaa sokoni nazo huwa zimepanda. Lakini zaidi ya yote ni kwamba wanaotaka meza ni wengi kuliko meza zilizopo.

Sasa nikuulize: sikukuu ikifika, mke wako hula saa ngapi, na amekaa wapi? Umeandika mama anataka "tupike", ila hukusema anayepika ni nani. Nyumbani kwetu neno hilo lilimaanisha mama yangu peke yake, tangu alfajiri. Sahani yake ilikaa juu ya friji imefunikwa na nyingine, akaja kuila imeshapoa, naye mwenyewe kasimama, huku anasugua sufuria. Kama kwako ndivyo ilivyo, mkeo hatamani chakula cha mgahawa. Anatamani kukaa chini na kuletewa, siku ileile ambayo wengine wote wamekaa. Hilo mimi naona lina thamani, na kwa hilo pesa haipotei.

Ila usilipe kabla hujapiga simu. Uliza kama kuna zamu mbili za kula. Ikiwa zipo, zamu ya kwanza itatakiwa kuondoka saa iliyopangwa, na ya pili itasubiri mlangoni; nimeshawapitisha wazazi wengi wenye watoto waliolala begani. Uliza kama watoto wana bei yao, maana mtoto wa miaka 6 kulipiwa kama mtu mzima si haki. Vinywaji vimo au vinalipiwa mbali? Hapo ndipo bili hufura. Na bei iliyotangazwa, imeshabeba kodi na ada ya huduma? Chukulia bei ni 100: ada ya asilimia 10 inaifikisha 110, kisha kodi ya asilimia 15 juu yake inakuletea 126.5. Zidisha kwa watano. Uliza pia kama, mtoto akiugua, ile nusu inaweza kuhamishiwa siku nyingine. Wapo wanaokubali kuhamisha hata kama hawarudishi, lakini yaandikwe.

Majibu yakiwa mabaya, ningekuwa wewe nisingeenda. Ningempeleka mke wangu kwenye mgahawa uleule wiki moja baadaye, usiku wa kawaida, mpishi akiwa na nafasi na menyu ikiwa kamili. Sikukuu yenyewe ungeingia jikoni wewe, mama akuelekeze akiwa kwenye kiti. Lakini muulize mkeo kwanza, maana kupumzika ni kitu kimoja na kutoka siku hiyohiyo na familia nzima ni kingine, na anayejua anachokihitaji ni yeye.

Akisema ni siku hiyohiyo, na pesa ipo bila kukopa, lipa. Mama mwambie mapema, kwa heshima, kwamba umeshaamua, ili asije akahesabu gharama mezani kila tonge linaposhuka. Na kwa ajili ya huyo wa miaka 6, chukua zamu ya mapema.