Mluzi wa sikio na ile chupa ya elfu tatu

Ndani ya sikio langu la kushoto kuna sauti nyembamba, kama mbu aliyejifungia nawe ndani ya neti. Mwaka wa nne huu. Nimegonga bati pale Kibuye, Kisumu, miaka kumi na minane, masanduku ya shule na majiko, masikio wazi. Mchana simsikii mbu wangu. Taa ikizimwa tu, huyo.

Msinunue matone ya mitandaoni. Mimi nilitoa shilingi elfu tatu kwa kichupa cha ukubwa wa kidole gumba, eti kitazibua. Sikio lenyewe halikuwa limeziba! Mama watoto hadi leo hunikumbusha hiyo hela ingenunua magunia mangapi ya makaa.

Daktari wa masikio alinieleza kwa upole. Ndani kabisa mna kijumba kilichojipinda kama konokono, chenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000, ndizo zinazonasa sauti. Kelele zikiziua, ndiyo basi. Za kuku huota upya, zetu hazioti. (Niliwaonea wivu kuku wa jirani wiki nzima.)

Dawa inatafutwa kweli. Kule Marekani kuna iliyoitwa FX-322, ikidungwa kupitia kiwambo cha sikio ili kuziotesha seli hizo. Majaribio ya mwanzo yalitia watu moyo, lakini Februari 2023 waliodungwa dawa hawakuwapita kwa kusikia wale waliodungwa sindano isiyo na dawa, ikaachwa. Mwaka 2022 iliidhinishwa huko dawa ya sodiamu thiosalfeti, ila hiyo huwakinga watoto wanaotibiwa saratani kwa sisplatini wasiharibikiwe na masikio. Haimrudishii fundi bati chochote. Hata tiba ya jeni iliyowapa usikivu watoto waliozaliwa viziwi inalenga hitilafu moja tu ya kurithi, ya jeni ya OTOF.

Kwa hiyo nenda ukapimwe. Huenda ni nta tu. Taja dawa unazotumia, maana kwinini inaweza kuleta mlio, na sindano za jentamisini, ile antibiotiki, huweza kuua usikivu wenyewe. Na sikio moja likiacha kusikia ghafla, usingoje Jumatatu: kuna vidonge vya steroidi, na siku zile za kwanza ndizo zenye nafasi.

Vijana wangu wa karakana sasa huvaa vizibo vya masikio. Mimi usiku huacha redio katikati ya stesheni mbili, ikikoroma chini chini. Mama watoto alilalamika mwezi mmoja. Siku hizi nikisahau, yeye ndiye huiwasha.