Maswali na Majibu: Muhtasari wa Njia Unapogoma Mpakani

Barua za awamu hii zimetoka Kisumu, Kakamega, Bungoma, Nakuru na Kericho, na karibu zote zinagusa mahali pamoja: ruta ya mpakani, pale itifaki mbili (lugha ambazo ruta hupashana njia, kama EIGRP na OSPF) zinapokutana na fundi anataka njia nyingi zitangazwe kama moja, yaani muhtasari. Nimeyafupisha maswali. Amri ninazozitaja ni za IOS, mfumo endeshi wa ruta za Cisco, kwa kuwa ndiyo ambayo waandishi wote wanaitumia.

Matawi yetu yanatumia EIGRP na makao makuu yanatumia OSPF. Kwenye ruta ya mpakani niliandika "area 0 range 10.40.0.0 255.255.248.0" ili sabneti nane, yaani vipande vinane vya mtandao, zionekane kama moja. Hakuna kilichobadilika, bado naziona zote nane huko ng'ambo. Kosa liko wapi? (Fundi, Kisumu)

Hesabu yako ni sahihi, ndugu. Sabneti 10.40.0.0/24 hadi 10.40.7.0/24 zinaingia barabara ndani ya 10.40.0.0/21 (namba baada ya mkwaju ikipungua, fungu la anwani hukua). Kilichokupotosha ni amri. "Area range" hufupisha njia zilizozaliwa ndani ya eneo la OSPF na kuvuka kwenda eneo jingine. Zako hazikuzaliwa ndani ya OSPF. Zimetoka EIGRP, kwa hiyo OSPF inazihesabu kuwa wageni na kuzibeba kama njia za nje. Wageni hufupishwa kwa "summary-address 10.40.0.0 255.255.248.0" chini ya "router ospf", na amri hiyo hufanya kazi kwenye ile ruta inayozihamisha tu, yaani ASBR. Ukiiandika kwenye ruta nyingine yoyote itakaa hapo kimya bila kukupa hata onyo.

OSPF ni kali namna hii kwa sababu ya msingi wake: ruta zote za eneo moja lazima ziwe na picha ileile ya mtandao, hivyo huwezi kuficha kitu katikati ya eneo. EIGRP haina sharti hilo. Unaweza kufupisha kwenye intafesi yoyote inayotoka, kwa "ip summary-address eigrp". Fundi aliyezoea EIGRP akihamia OSPF hukwama hapa mara nyingi, na aliyezoea OSPF hushangaa kwamba EIGRP inamruhusu.

Ukisharekebisha, angalia "show ip ospf summary-address" kwenye ruta ya mpakani, kisha "show ip ospf database external" kwenye ruta ya ng'ambo. Usiridhike na ping. Ping itapita hata kama muhtasari haupo, maana zile njia nane bado zinatangazwa.

Nimehamisha EIGRP kwenda OSPF lakini karibu hakuna kinachovuka, na muhtasari wangu hautokei kabisa. Upande wa pili, OSPF kwenda EIGRP, ni sifuri tupu. (Dada wa idara ya TEHAMA, Kakamega)

Hizo ni hitilafu mbili tofauti, dada, na bahati mbaya zimekujia siku moja.

Ya kwanza: katika IOS za zamani, "redistribute eigrp 100" bila neno "subnets" mwishoni huvusha tu mitandao mizima ya madaraja ya kale, kama 10.0.0.0/8. Sabneti zako zote za /24 zinaachwa mlangoni. Na muhtasari hauwezi kuzaliwa bila angalau njia moja ndogo chini yake. Jambo hili ni kweli kwa kila itifaki, na ndilo ninalotamani kila fundi alichunguze kabla ya kugusa amri ya muhtasari: je, zile njia ndogo zipo kweli kwenye jedwali la ruta hii, na zimeletwa na itifaki ninayoihamisha?

Ya pili: OSPF hukubali njia ngeni na kuipa metriki, yaani gharama ya njia, ya 20 yenyewe. EIGRP haifanyi hivyo. Njia inayotoka OSPF ikifika bila metriki, EIGRP huihesabu kuwa haifikiki, na RIP, itifaki nyingine ya njia, nayo huichukulia hivyohivyo. Lazima useme, kwa mfano, "redistribute ospf 1 metric 100000 100 255 1 1500". Namba hizo kwa mpangilio ni kasi ya kiungo kwa kilobiti, ucheleweshaji kwa makumi ya mikrosekunde, uthabiti, mzigo na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti.

Ruta yangu imejitengenezea njia inayoelekea Null0. Sikuiandika mimi. Niifute? (Bungoma)

Usiiguse. Ruta inapotangaza muhtasari inawaambia majirani, "leteni pakiti zote za anwani hizi." Pakiti ikija ya sabneti ambayo haipo au imezimika, Null0 huitupa papo hapo badala ya kuirudisha ilikotoka kwa njia ya msingi, ile inayobeba anwani zote zisizo na njia yake. Aliyeifuta kwa "no discard-route" ndiye atakayeandika swali linalofuata.

Tuna ruta mbili za mpakani kati ya EIGRP na OSPF, ili moja ikifa nyingine ishike. Zote zinahamisha pande zote mbili, na moja inafupisha. Tawi moja likipoteza umeme, CPU inapanda na traceroute, amri ya kuonyesha pakiti inapopita, inarukaruka kati ya ruta hizo mbili. Umeme ukirudi, inatulia. (Kisumu)

Nitakaa hapa kidogo, maana hili limewakosesha watu usingizi, na linaumiza zaidi kwa sababu linatokea tu wakati tayari mna shida nyingine.

Tuziite ruta A na B. A inatangaza 10.40.0.0/21 ndani ya OSPF. B inaisikia, na kwa kuwa nayo inahamisha OSPF kwenda EIGRP, inaurudisha muhtasari uleule kwa matawi kama njia ya nje ya EIGRP. Sasa matawi yanaambiwa na B kwamba anwani zao wenyewe ziko ng'ambo. Siku za kawaida hakuna anayeona, kwa sababu ruta hufuata njia iliyo mahususi zaidi, na /24 hushinda /21 daima. Ni kama matatu yenye kibao cha Busia pale stendi ya Kisumu: wa Luanda, Yala na Ugunja wote wanaweza kuipanda, lakini ikiwepo gari ya Yala, wa Yala hupanda hiyo.

Tawi linapozimika, /24 yake inatoweka na kinachobaki ni /21. Hapa Null0 ilipaswa kuwaokoa. Lakini kwa muhtasari wa njia za nje, OSPF huipa Null0 hiyo namba ya uaminifu, ile AD, ya 254. EIGRP ya nje ina 170. Namba ndogo ndiyo inayoaminiwa, kwa hiyo A inautupa ulinzi wake na kuamini uvumi uliorudishwa na B. A inapeleka pakiti kwa B kupitia EIGRP, B inairudisha kwa A kupitia OSPF, na zinarushiana mpaka TTL, idadi ya hatua ambazo pakiti inaruhusiwa, iishe.

Tiba ni lebo. Njia inapotoka EIGRP kuingia OSPF, igonge lebo, tuseme 90, kwa "route-map" yenye "set tag 90". Kwenye uhamishaji wa upande wa pili, OSPF kwenda EIGRP, kataa chochote chenye lebo 90. Fanya vivyo hivyo kinyume kwa lebo 110, kwenye A na B zote mbili. Kisha zingatia jambo hili, maana wengi hulisahau: muhtasari ni njia mpya. Usitegemee lebo za zile njia ndogo zihamie kwake. Iandike kwenye amri yenyewe, "summary-address 10.40.0.0 255.255.248.0 tag 90", la sivyo kichujio chako kitazuia njia zote isipokuwa ile moja uliyoiogopa.

Barua yako inataja pia ghala la zamani linalotumia RIP, ambalo njia zake zinaingia EIGRP kupitia ruta ya tatu. Hilo lina mtego wake. Njia hizo zimo ndani ya EIGRP kama njia za nje, AD 170. A ikizipeleka OSPF, B inazisikia kwa AD 110 na kuiacha njia fupi ya EIGRP. Lebo itazuia zisirudi EIGRP, ila haitaizuia B yenyewe kupita njia ndefu. Kwa hilo, andika "distance ospf external 180" kwenye A na B. Baada ya hapo zima tawi moja makusudi, usiku, mkiwa wote kazini, mtazame. Mtandao wenye ruta mbili za mpakani ambao haujawahi kujaribiwa kwa kuzimwa kitu, mimi siuhesabu kuwa umekamilika.

Sabneti zetu ni 10.40.5.0 hadi 10.40.12.0. Mkubwa wangu anasema tuweke /20 moja tumalize. Ni sawa? (Kakamega)

Itafanya kazi, na siipendi. /20 hiyo inabeba kuanzia 10.40.0.0 hadi 10.40.15.255, yaani mnadai sabneti nane ambazo si zenu. Zikiwa hazitumiki popote, hakuna madhara ya leo. Lakini kama 10.40.2.0 iko Eldoret, basi siku kiungo cha Eldoret kikikatika, pakiti zake zitakuja kufia Kakamega, na fundi wa Eldoret atatafuta kosa mahali ambapo halipo. Muhtasari wa kweli hapo ni njia nne: 10.40.5.0/24, 10.40.6.0/23, 10.40.8.0/22 na 10.40.12.0/24. Kutoka nane kupata nne si pungufu kubwa, najua. Mpango wa anwani ndio wenye kasoro: tawi lipewe fungu linaloanzia 0, 8, 16 au 24, na hesabu itajipanga yenyewe.

Kwenye maabara nina 172.16.1.0/24 upande mmoja, 172.16.2.0/24 upande mwingine, na 10.0.0.0 katikati. Ruta ya katikati inaping mara inapata, mara haipati. (Mwanafunzi, Nakuru)

Ruta zako ni za zamani, na EIGRP inafupisha yenyewe kufuata madaraja. Pande zote mbili zinatangaza 172.16.0.0/16, na ruta ya katikati inagawa pakiti kwa zote mbili. Andika "no auto-summary" kila upande. Kuanzia IOS toleo la 15 tabia hiyo huwa imezimwa tangu mwanzo.

Sisi ni watoa huduma wadogo wa intaneti, tuna /22 yetu na wauzaji wawili wa juu. "Aggregate-address" haitoi kitu kwenye BGP, itifaki inayotuunganisha na wauzaji hao, ingawa OSPF yetu ina njia zote. (Nakuru)

BGP haitazami OSPF yenu. Inatazama jedwali lake yenyewe, na pasipo angalau njia moja ndogo humo, /22 haizaliwi. Ingizeni sehemu zake kwa "network", au elekezeni /22 nzima Null0 kwa njia tuli kisha muitangaze kwa "network". Kwa mtandao wa ukubwa wenu napendelea hili la pili, maana tangazo halitayumba kila kiungo cha ndani kinapoyumba. Mkitumia "aggregate-address" bila "summary-only", /22 na vipande vyake vitatoka pamoja.

Kabla ya kutangaza vipande vya /24 ili kugawa mzigo kati ya wauzaji wawili, angalieni cheti chenu cha RPKI, mfumo wa kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani. Kama ROA, ile idhini iliyo humo, inataja /22 yenye urefu wa juu wa 22, hizo /24 zitahesabiwa batili na mitandao inayokagua itazikataa. Msilegeze urefu huo ovyo pia. Mnamo Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza 208.65.153.0/24, kipande cha /22 ya YouTube, na kwa kuwa kipande hushinda muhtasari, trafiki ya YouTube ya sehemu kubwa ya dunia iliingia Pakistan na kupotelea huko.

Tawi letu lina kiungo kimoja tu. Si tulipelekee njia ya msingi peke yake? (Kericho)

Naam, fanyeni hivyo. Lakini mkiitengeneza kwa "ip summary-address eigrp 100 0.0.0.0 0.0.0.0" kwenye ruta ya makao makuu, ruta hiyo itajiwekea Null0 ya 0.0.0.0 yenye AD ya 5. Ikiwa njia yake ya intaneti ni tuli, AD 1, mko salama. Ikiwa inaipata kwa OSPF, 110, Null0 itashinda na ofisi nzima itapoteza intaneti dakika hiyohiyo. Katika IOS za zamani ongezeni AD kubwa mwishoni mwa amri hiyo, kwa mfano 200. Katika matoleo mapya kazi hiyo hufanywa na "summary-metric" yenye "distance", chini ya EIGRP.

Na msijaribu kuivusha njia ya msingi kuingia OSPF kwa "redistribute static", haitapita. OSPF huitaka kwa "default-information originate".